Usipokee Tanga Jeupe

Itumbe, karibu na kiwanda cha majani chai,
Kisii.
17 Septemba 2024.

Mpendwa kaka Anyona,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Geoffrey, na kwa mpwa wako Nyanchama, ambaye sasa ana meno mawili na ananiuma kila akinyonya. Hujambo wewe? Celestine hajambo? Kifua cha mtoto wenu mdogo kimepona, au upepo wa ziwa bado unamsumbua? Sisi tuko hai kwa neema ya Mungu. Mvua ya mawe ilipiga chai yetu juzi, lakini imeanza kuchipua tena.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, ili Celestine asome mwenyewe, asisomewe na wewe ukaruka mahali. Na sikupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hucheka tu, halafu unasema mtandao ni mbaya.

Sasa habari ya tanga. Ile kamba uliyotuma, yenye mafundo ya kuonyesha pande za tanga kubwa, ilifika. Nyakundi aliposikia kwamba lako limechanika alisema atanunua jipya yeye mwenyewe, lote. Kaka, nilifurahi! Tangu tumzike baba sijamsikia mkubwa wetu akitaja jina lako bila kukunja uso. Akaniambia twende pamoja nichague, kwa kuwa mimi ndiye uliyenieleza kitambaa unachotaka.

Tukaenda Kisii mjini kwa Manju, yule mama Mhindi anayeuza maturubai na vitambaa vizito. Nyakundi akakimbilia turubai la kufunika lori. Nikamwambia hapana, hilo likilowa litalemea mashua yote. Nikafanya ulivyonifundisha, nikaweka kitambaa mdomoni nikapuliza. Cha kwanza pumzi ilipita yote. Cha pili, cheupe, ilinirudia usoni.

"Unakibusu?" Nyakundi akanicheka. "Geoffrey hakutoshi?"

"Mwache apulize, bwana," Manju akasema. "Wewe ukinunua viatu si unajaribu kwanza?"

Kilikuwa chepesi, kimefumwa sawasawa, na Nyanchama, niliyekuwa nimembeba, alitafuna pindo lake bila kutoa hata uzi. Moyo wangu ukasema ni hiki.

"Kata hicho," Nyakundi akamwambia Manju. "Huyu mvuvi wetu tumshibishe mara moja tumalize."

Hapo simu yake ikalia. Akaongea na mtu palepale, mimi nikiwa nimesimama kando yake kama gunia la maharagwe. "Ni Jumapili ya tarehe ishirini na tisa. Mbuzi yuko. Wazee wakishamwona amepokea tanga, hiyo ndiyo sehemu yake. Kule kwenye ndizi zake tunaanza kuchimba msingi."

Nikaweka mkono juu ya kitambaa.

Nikasema, "Mama Manju, ngoja, usikate." Kisha nikamgeukia Nyakundi. "Kama ni zawadi, acha nimtumie leo na gari la Mbita, limfikie huko ziwani. Hana kitu cha kuvulia."

"Zawadi ya maana hutolewa mbele ya watu."

"Watu gani? Si tanga tu?"

"Kemuma, wewe umeolewa Itumbe. Udongo wa kwetu Mosocho unakuwasha wapi?"

"Tuma leo, bila wazee, na mimi nitakuombea dua mpaka nife."

Akamgeukia Manju. Halafu akasema, "Mama, kata." Manju alinitazama kidogo, kisha akakata. Angefanya nini, naye ni mtu wa duka.

Basi tanga hilo sasa limeshonwa, liko kwa Nyakundi limekunjwa vizuri. Atakupigia simu, na sauti yake itakuwa tamu. Nakuomba, usipokee tanga jeupe.

Wewe ndiwe mtoto wa kiume wa mwisho. Nyumba ya mama iko kwenye sehemu yako, na kwa desturi yetu wewe ndiwe wa kumtunza humo. Ukila mbuzi yule na kushika tanga lile mbele ya wazee, umekubali kwamba umepewa chako na huna tena la kudai. Nyakundi anataka kujenga vyumba vya kupangisha mpaka barabarani. Mama ataenda wapi? Akaishi na mke wa Nyakundi, ambaye hata leo humpimia sukari?

Nina uchungu na Nyakundi, lakini kaka, nina uchungu na wewe pia. Siku ya mazishi ulisema mbele ya kila mtu kwamba kile kipande cha shamba hata mbuzi hawezi kugeuka ndani yake. Watu walicheka. Nyakundi hakucheka, alisikiliza. Tangu siku hiyo hujakanyaga nyumbani. Mama anapalilia ndizi zako peke yake na anaziita "za Anyona", kana kwamba umeenda sokoni tu.

Mimi nami ni mtoto wa baba. Mimi sikupimiwa hata tanga.

Katika parseli hii kuna kitambaa cha rangi ya kahawia. Nilirudi kwa Manju peke yangu akaniuzia mabaki ya mwisho wa robota. Upande mmoja umepauka kwa jua la dirishani, na katikati pana kiungo kwa sababu hakikutosha. Pindo amelishona mama kwa mkono wake. Nimekipuliza, pumzi inapita kidogo, sitakudanganya. Tanga hili halitakukimbiza kama lile jeupe. Wenzako watakutangulia ufuoni na samaki wao, na Celestine ataona. Dada yangu Celestine, nisamehe, na umsaidie kuvumilia.

Hata hivyo bado nina tumaini. Njoo Ijumaa kabla ya Sabato, uje na mke na watoto, mlale nyumbani kwa mama, majirani wawaone mkiamka humo. Jumapili, kabla ya kuonja nyama, waambie wazee: "Ahsanteni, lakini kwanza nionyesheni mpaka wangu." Ukishaonyeshwa, na Nyakundi bado akakupa tanga lake, lichukue, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Geoffrey anakusalimu sana, kazi yake ya kupima majani kiwandani inaendelea. Wasalimie watoto wote na wazazi wa Celestine. Mungu awashike mkono majini na nchi kavu, awalete salama.

Mama hajui habari ya wazee. Alipokuwa akikata uzi wa mwisho wa pindo aliniuliza kama utakuja. Nimemwambia utakuja. Usinifanye mwongo mbele yake.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata ukinikasirikia,

Kemuma