Msasa Kwenye Meza ya Mama

Jumamosi, 3 Agosti
Mama ameondoka asubuhi kwenda kwa dada, karibu na kliniki ya macho. Atakaa kama wiki mbili. Na mimi nimeamua: meza yake ya barazani naitengeneza upya. Imechakaa mpaka aibu, wageni wakija naifunika kitambaa. Mume wangu anasema nimuulize kwanza mwenyewe. Nimuulize ili anikatalie? Nataka akirudi akute kitu kipya.

Jumapili, 4 Agosti
Nimeazima mashine ya msasa kwa fundi seremala wa mtaa wa nyuma. Vumbi mpaka puani. Nimeondoa lile duara jeusi la sufuria, nimeondoa mikato ya kisu upande anaokaa Mama, vile vishimo vya misumari pembeni nikaviziba. Raha yake! Mbao safi, kama zimetoka dukani. Mgongo ndio hauna habari nzuri.

Jumanne, 6 Agosti
Nilikuwa katikati ya kupaka rangi ya mbao, ile ya kahawia inayopenya, dada akapiga simu. Daktari amesema jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga tu, na dawa haitalirudisha. Nimelia. Halafu nikaendelea kupaka, maana rangi ukiiachia njiani inaweka mabaka. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Sikutaka kukaa chini nifikiri.

Alhamisi, 8 Agosti
Epoksi, ile gundi ya kumimina inayoganda ikawa ngumu. Unachanganya chupa hii na hii, unakoroga polepole, unamimina kabla haijaanza kuganda. Viputo nimevifukuza kwa mashine ya kukaushia nywele. Mbu mmoja kaingia, kagandia humo humo. Mume wangu anasema tulipigie kaburi lake magoti.

Jumamosi, 10 Agosti
Imekauka. Inang'aa kama kioo! Picha nimetuma kwenye kundi la akina mama, sifa zimemiminika. Nimevimba kichwa, sikatai.

Jumapili, 18 Agosti
Mama karudi, dada kamleta. Alishika ukuta wa baraza mpaka akafika kwenye kiti chake, akakaa, akanyoosha mikono. Viganja vikateleza. Akavirudisha, akapapasa tena, pembeni, katikati.

Akauliza hii meza ya nani. Kabla sijajibu akasema ni nzuri, laini, tumefanya vizuri kununua. Ila yake tumeipeleka wapi?

Nikasema iko kwa fundi, inakazwa miguu. Kwa macho makavu! Sijui uongo huo ulitoka wapi. Mume wangu aliniangalia, dada akainamisha uso.

Baadaye jikoni dada kanieleza. Kule kwake, Mama alikuwa haongei jambo jingine. Akirudi kwenye meza yake atajimudu, hatamsumbua mtu. Kwenye mikato ndipo anapokatia, duara la sufuria ndipo kinapokaa kikombe, vishimo vya pembeni vinamwonyesha mwisho wa meza. Kumbe muda wote ule, tukidhani anapenda tu kukaa nje, alikuwa anajifunza meza kwa vidole wakati macho yanamuaga. Na sisi hatukuuliza. Mimi sikuuliza.

Jumatatu, 19 Agosti
Mama alikaa mezani kumenya njegere, zikamtoroka zote, zikaanguka sakafuni. Kikombe kakisukuma mwenyewe bila kujua, chai ikamwagikia mapajani. Hakulalamika. Aliomba sinia, baadaye akasema ataingia ndani apumzike. Mama, apumzike asubuhi!

Mume wangu kaniambia nimwambie leo leo. Nikasema kesho.

Alipolala nilichukua kisu na msumari, nikasema nitamrudishia alama zake. Nikainama pale anapokaa. Mikato ilianzia wapi? Duara lilikuwa mkono wa kulia au mbele yake? Nimekula wali na kusoma kwenye meza ile tangu mdogo, na sikumbuki. Nilikwaruza kidogo, epoksi ikatoa mchirizi mweupe usioeleweka. Nikaacha. Nimejichukia leo, kweli nimejichukia.

Jumatano, 21 Agosti
Jana pia sikusema. Kauliza mara mbili kama fundi amemaliza, mara zote mbili nikamjibu bado.

Leo kaamka na wazo lake. Anasema fundi asiharakishwe, kazi nzuri haitaki presha. Yeye anaomba tu nimpeleke huko karakana, akae kwenye meza yake asubuhi hii moja, amenye njegere zake, kisha nimrudishe. Hatamsumbua fundi, atakaa pembeni.

Nikamwambia sawa, Mama. Nilisema sawa!

Ameshavaa viatu. Kajifunga kitambaa kipya kichwani, bakuli lake kalikumbatia, anacheka na mume wangu huko mlangoni. Sijamsikia akicheka tangu arudi. Ameniita mara ya pili sasa, anauliza mwanangu, unafanya nini humo chumbani. Nimejibu natafuta funguo. Funguo ninazo mkononi.