Nyumba Kumi Ndani ya Kompyuta

Mpendwa Baba,

Jana mjukuu wako alilalamika kwamba simu yake imejaa. Nikacheka hadi akanuna. Nilikuwa nimeikumbuka kompyuta ya kwanza niliyoigusa, kwenye ofisi ya mradi wa mbegu pale Kilosa, miaka ya mwishomwisho ya vijiji vya ujamaa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa majina ya wakulima wa kugawiwa mbegu za mahindi. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa kilobaiti sitini na nne tu, na kabla sijaandika jina hata moja, mfumo wa kuiendesha ulikuwa umeshajichukulia fungu lake. Mimi nilibakiwa na makombo.

Orodha ya kijiji chetu cha Ulaya, hukohuko Kilosa, haikuenea. Nikajiona mjanja, nikafuta jina la tatu la kila mkulima, lile la babu. Kisha nikaona Juma Saidi ametokea mara mbili, nikamfuta mmoja.

Ukaja kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi, mvua zikiwa karibu. Shikamoo yangu uliiitikia kwa mkato. Ulisema Juma Saidi Kondo amerudi nyumbani mikono mitupu, na shamba ameshalilima. Niliona aibu, Baba. Nikajitetea kwamba mashine haiwezi kubeba kijiji kizima.

“Hata mimi siwezi,” ukasema. “Mimi ni balozi, nazijua nyumba zangu kumi. Za mwenzangu anazijua mwenyewe. Mbona unaibebesha zote kwa mpigo?”

Nikaikata orodha, kila balozi na faili lake, nikawa nafungua moja, nafunga, nafungua jingine. Majina matatu matatu yakaenea na nafasi ikabaki. Kondo akapanda pamoja na wenzake. Wewe ukarudi kijijini ukijigamba kwamba umemfundisha kazi mtu mwenye cheti, nami sikubisha.

Sasa nimestaafu, na nina raha. Disketi ya nyumba zako ninayo kabatini, ingawa sijui mashine iliyobaki ya kuisoma. Haidhuru. Siku ile ulinitajia majina polepole nikiyachapa, ukajiweka wa mwisho, maana ulisema balozi hajitangulizi. Bado nayajua yote kwa mpangilio wake. Huwa nayataja nikiwa jikoni peke yangu, na nikifika la kumi, lako, nakuamkia shikamoo, kisha naitika mwenyewe: marahaba, mwanangu.

Pumzika, Baba.

Binti yako, mpiga chapa wa nyumba kumi