Treni Imefika Olmotonyi

Mpendwa Baba Aika,

Treni yetu imefika Olmotonyi. Nakuambia hilo kabla ya salamu, maana najua ungeliuliza kabla hata hujavua viatu.

Hapa Sombetini hatujambo, au niseme sijambo. Ulimi wangu bado haujazoea kusema peke yake. Mama Lomayani wa nyumba ya pili huniuliza kila jioni kama nimekula, nami humjibu nimekula. Siku nyingine ni kweli. Ndizi bado nazipika kwenye sufuria ile ile kubwa, halafu nazitazama.

Unakumbuka ulivyorudi na lile boksi kutoka mitumba ya Krokoni? Tangu ujana ulikuwa mshika pointi stesheni, mtu wa kuvuta mkono wa chuma ili treni iende huku au kule. Treni zilipoacha kuja Arusha, ulirudi nyumbani na mikono isiyojua pa kukaa. Ukakaa hivyo muda mrefu, unakunja gazeti na kulikunjua, mpaka ulipoikuta treni ya kuchezea ya watoto wa Ulaya katikati ya midoli na viatu vya mpira. Kichwa, mabehewa mawili, transfoma yake na reli za kutosha. Uliingia nayo chumba cha uani, ukaitandaza juu ya meza, na hukutoka mpaka nilipokuja kukuita kula. Mama Lomayani alichungulia dirishani akacheka, "Mama Aika, huyu mzee wako anacheza midoli?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Hapana shemeji, nipo kazini."

Lakini duara lilikuchosha upesi. "Treni isiyo na pa kwenda si treni," ulisema. Ukataka pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Boksini haikuwemo, basi ukaamua kuijenga mwenyewe, na kama kawaida yako ukaamua na mimi naijenga. Fundi redio alikupa bodi za redio zilizokufa, ukazikata vipande vyembamba vyenye shaba juu, vikawa mataruma ya kulazia reli. Mimi ulinipa tupa. Ulidai mkono wa fundi cherehani hauna haraka, kwa hiyo kazi ya kunoa ncha za reli ni yangu. Nilinoa mpaka ncha ikalala ubavuni mwa reli nzima na gurudumu likapita bila kushtuka. Wewe ukalehemu kwa risasi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kila taruma tulilikwangua shaba katikati, ili umeme wa reli ya kulia usikutane na wa kushoto. "Hao ni mkwe na mkwe," ulinikumbusha, "hawapeani mikono." Na pale reli zinapokatizana ukapaita moyo. Moyo uliupa waya wake wa kijani chini ya meza, na swichi ya kuubadilishia umeme kila pointi inapogeuka. Spoku ya baiskeli ilivuta pointi na swichi kwa pamoja. Nilicheka sana siku hiyo, mume wangu. Nilisema kumbe moyo wako nao una spoku, ila sijaijua iliko.

Halafu ukaleta sheria yako. Stuli yangu ilikuwa upande wa transfoma, tukauita Arusha. Ya kwako ikawa ng'ambo, penye spoku. Treni haikuondoka hata mara moja kabla sijauliza, "Njia iko wazi?" nawe ujibu, "Iko wazi, leta." Ikiwa kwako na unataka kuirudisha, wewe ndiye unayeuliza, mimi najibu. Anayeuliza hajijibu, hata kama njia anaiona kwa macho yake. Siku moja nilijijibu mwenyewe kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua. Ulininunia mpaka chai ya jioni. "Kazini watu hufa hivyo hivyo," ulisema, na hukuwa unatania.

Pointi ya mwisho uliijenga kwa ajili yangu. Ilikuwa ya kutoa treni kwenye duara na kuipeleka Olmotonyi, kule nilikokuwa nikishona sare za wanafunzi wa chuo cha misitu na wewe ukaja kumtembelea kaka yako, ukageuka kuwa mtu wa kuchana suruali kila wiki. Nilikuambia reli haijawahi kupanda Olmotonyi. Ukachomeka vijiti vya msonobari mbele ya stuli yako, ukasema, "Hapa itapanda." Waya wa mwisho uliufunga Ijumaa. Ukasema tuijaribu kesho nikitoka kwaya. Kesho yake tulikuwa hospitali, na baada ya hapo tukakupeleka kukulaza Machame, kihambani kwenu, kwenye migomba ya ukoo.

Nilipoweza kuingia tena chumba cha uani, nilivuta spoku ya pointi ya Olmotonyi ili nione. Taa ya transfoma ikazimika. Shoti. Nikairudisha pointi, taa ikawaka. Nikavuta tena, ikazimika. Nilikusema, Baba Aika. Nilikusema kwa sauti, kwamba umeondoka umeniachia kazi mbovu. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa rahisi kukasirikia waya.

Aika alikuwa akipiga simu kutoka Dodoma kila siku. "Mama, njoo ukae na sisi. Ile meza tutampa mtu." Namjibu pointi haijapona, ikipona nitakuja. Kilikuwa kisingizio kizuri na sikukiharakisha.

Wiki iliyopita niliinama na tochi nikaona kitu kinang'aa penye moyo. Kipande cha stilwaya, chembamba kama unywele, kimelala kwenye ule mwanya tulioukwangua na kuwakutanisha mkwe na mkwe. Ni mimi. Siku ya msiba, wageni wakiwa wanaingia, nilisugua reli zako kama ninavyosugua sufuria, watu wa kwenu wasije wakaona vumbi. Kazi yako haikuwa na kasoro yoyote. Nikakitoa kwa sindano, na kisingizio changu kikaishia hapo.

Jumamosi nilitoka kwaya, nikavuta spoku, nikazunguka kurudi Arusha nikakaa. Taa ikawaka. Kila kitu kilikuwa tayari na mkono wangu haukutaka. Nilikuwa siwezi kujijibu. Ndipo simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Aika, njia iko wazi?"

Nilisikia magari ya huko kwake. Huyu alifanya kazi zote za shule kwenye kona ya meza ile, unakumbuka.

"Iko wazi mama," akasema. "Leta."

Nikaileta. Ilipita juu ya moyo bila kushtuka, ikaingia kati ya misonobari yako, ikasimama mbele ya stuli yako. Nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikangoja uulize. Ni mazoea tu, lakini nilingoja kweli, nimekaza macho kwenye ile stuli, na hapo ndipo nilipojua kwa mwili mzima kwamba hupo.

"Mama, imerudi?" Aika akauliza.

"Bado."

Alianza yeye kulia, nami nikamfuata.

Nimekukosa, Baba Aika. Nyumba imekuwa kubwa, na sauti ninayoisikia sana ni ya ufagio wangu. Jana Aika aliuliza tena nitakwenda lini Dodoma. Nilimwambia treni iko kwa baba yake na mwenye treni ndiye anayeuliza. Hakubisha.

Mimi nipo Arusha, kwenye stuli yangu. Njia nimeikagua. Uliza tu, nitajibu.

Mkeo,
Mama Aika