Futa, Zuia, Endelea na Kazi

Kwako ndugu yangu unayenifuata,

Jina lako sitalitaja. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba jina, namba na mahali mtu alipo havimwagwi ovyo mtandaoni, na mimi leo namwaga barua nzima, kwa hiyo angalau jina nakufichia. Wale waliokuwa wakipanga laini kwenye saiba yako, kile chumba chako cha kompyuta za kulipia nyuma ya soko la Kitale, watakujua kabla hawajafika mbali. Wengine wasome tu kama habari za mtu. Ningekuandikia wewe mwenyewe, lakini simu yako imeshikwa na watu wengine, na kinachoingia humo wanakisoma wao kwanza.

Nakumbuka Jumatatu zako. Kabla sijafungua duka hapa Saboti, kabla sijatoa hata gunia moja la chakula cha kuku nje, simu inalia: mwalimu ametuma somo kwenye grupu. Wiki hii ni namna ya kupunguza picha ili simu isijae. Wiki ijayo ni habari, ati kompyuta za aina fulani ya zamani hazitapata tena ulinzi kutoka kwa waliozitengeneza, kwa hivyo anayeweka mambo ya chama humo ayahamishe mapema. Uliandika kama mtu anayeongea na Mama jikoni. Nikiuliza swali la kijinga, na niliuliza mengi, hukunicheka mbele ya watu. Ulinipigia baadaye ukanicheka peke yangu mpaka nikakukatia simu. Na kila somo ulilifunga kwa njia ile ile: ujumbe wa mtu usiyemjua ukija na linki ndani, futa, zuia, endelea na kazi.

Nakumbuka pia siku Mama alipotoka nyumbani Myanga kuja kuona hiyo saiba. Alivaa nguo za kanisa, kwa sababu kwa akili yake mtu haendi mbele ya kompyuta na nguo za shamba. Ulimkalisha akaandika barua kwa mchungaji, kidole kimoja kimoja, na alipokaribia kumaliza akagusa mahali, barua yote ikapotea. Mama wetu, ambaye hajawahi kuogopa hata nyoka, akaweka mikono mapajani kama mtoto aliyevunja sahani. Ukamwambia vile ulivyokuwa ukiwaambia kina mama wote: "Bonyeza polepole. Ukikosea tutarudi nyuma." Ukagusa vidude viwili, barua ikarudi.

"Kwani hata makosa iko na dawa?" Mama akauliza.

Hiyo habari aliipeleka Myanga akaisimulia mpaka watu wakachoka naye.

Na swali la nyumbani, unalikumbuka? Ilikuwa Krismasi, tumeshiba kuku, ukatuambia tuzime redio. Ukasema siku hizi wezi wanaweza kuiga sauti ya mtu, hata uso wake, kwa hivyo mtu akikupigia kwa sauti ya ndugu yako akitaka kitu, muulize jambo ambalo hakuna mwingine analijua. Tukachagua lile la ng'ombe. Tulicheka siku hiyo mpaka Mama akatoka nje kupumua. Jibu lake silitaji hapa. Ulisema likishaandikwa mahali, si la nyumbani tena.

Sasa mtu kama huyo, mtu wa futa na zuia, mbona akaenda? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ninajua saiba ilikuwa imekufa, watu wote wana intaneti mfukoni, na wewe umebaki na mashine zako ukizipangusa vumbi. Ninajua tangazo lilisema kazi ya kusaidia wateja wa kompyuta, Thailand, tiketi wanalipa wao. Nilikuuliza kama umehakikisha. Ukanijibu kwa hasira kidogo kwamba umehakikisha, tovuti iko, ofisi umeonyeshwa kwa video, na umeongea na mtu mwenye uso. Tukaombea safari. Ukatuma picha moja ukiwa uwanja wa ndege, umevaa lile koti la Baba.

Kisha ile simu fupi, unanong'ona. Wamewavusha mpaka wa nchi nyingine, wamechukua pasipoti, na kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta mkidanganya watu wa kwenu. Anayekataa anapigwa. Halafu ukakatika. Nimepita ofisi za serikali za Bungoma, za Kitale, nimefika mpaka Nairobi. Wameandika, wameniambia ningoje. Ninangoja, si ndiyo kazi niliyopewa.

Tangu uondoke, watu huniletea mimi simu zao. Ati dada ya mwalimu, niangalizie hii. Mimi najua nini bana? Lakini naangalia, nawaambia futa, wananunua dawa ya kupe wanaenda. Ndivyo Mama Chebet alivyokuja siku moja na ujumbe wa kazi ya kufanyia nyumbani, unabonyeza tu video, unalipwa. Umetoka kwa namba ya ng'ambo, mtu anajiita Bi Rose. Nilianza kuucheka. Nimesoma mwingi wa namna hiyo, Kiswahili chake huwa kimevunjika miguu. Huu ulikuwa umenyooka, una salamu na pole za jua. Chini kabisa ukasema: bonyeza polepole, ukikosea tutarudi nyuma.

Nilimwambia Mama Chebet ni wezi, afute. Namba niliinakili kwanza.

Nilimwandikia Bi Rose kama mtu anayetafuta kazi. Akanikaribisha vizuri, akanieleza nianze kwa kuweka pesa kidogo. Sikuweka jina, sikuweka salamu. Niliuliza swali la nyumbani tu, lile la ng'ombe.

Simu ikaonyesha unaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena, ikaacha. Kisha neno likaingia, moja, lile lile letu. Sijameza mate, likatoweka, pakaandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Halafu yakaja maneno ya Jumatatu: "Futa, zuia, endelea na kazi."

Nilikaa juu ya gunia nikalia mbele ya wateja. Uko hai, mtoto wa mama yangu. Uko hai na unaniambia nikufungie mlango.

Nikazuia. Nilijua hukuniambia kwa mchezo, nilijua kuna mtu nyuma ya kiti chako. Lakini wacha niseme na hili, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Wiki hiyo hiyo alikuja yule mzee wa mahindi uliyemfundisha kumtumia kijana wake wa Webuye picha. Pesa za mavuno zote ameziweka kwa Bi Rose. Alikuwa hana hata hasira. Aliniambia aliyemwandikia alikuwa mtu wa heshima sana, alimpeleka polepole, alimkumbusha wewe. Nilimpimia dawa ya mahindi bila kumwangalia usoni. Alipoenda nilikukasirikia, nikawakasirikia waliokufunga, nikarudi nikakukasirikia tena. Ulituzoeza kuamini sauti moja, na sasa wameiweka kazini.

Jumapili nilienda Myanga kumwambia Mama. Alisikiliza yote akichambua mboga. Mambo ya kuzuia hakuyataka kabisa.

"Fungua," akasema. "Mimi nataka tu kujua kama anakula."

Nilimweleza wanaweza kukuumiza. Akasema unaumia tayari. Nikafungua. Namba haikuwepo, picha haikuwepo, Bi Rose hayuko. Kurudi nyuma kukakataa, na Mama alikuwa ameniegemea anaangalia kidole changu, anangoja nibonyeze vile vidude viwili vyako.

Siku hizi nimekuwa mtu wa ajabu. Nadhani hakuna mwingine Trans Nzoia anayengoja ujumbe wa wezi kama mimi. Wakiniletea simu nasoma mpaka chini, natafuta salamu yako, adabu yako, hilo neno polepole. Mara ya kwanza nilipata mmoja kutoka namba nyingine, baadaye mwingine, ati sasa ni Bwana Peter na anatoa mikopo. Nilimpigia Mama nikamwambia kuna mtu wa Kiminini karibu aibiwe. Akasema asante Yesu. Ndipo tulipofika, mama yako anashukuru Mungu jirani kuwindwa. Kila jioni ananipigia, haniulizi biashara, haniulizi watoto. Ananiuliza, leo wamejaribu nani?

Tangu mvua ianze, ujumbe unaokuja wote ni ule uliovunjika miguu. Nimesoma simu ya Mama Chebet, ya mwalimu wa chekechea, ya vijana wa bodaboda. Hakuna aliyetuambia pole na jua, hakuna aliyetuahidi kurudi nyuma. Jana Mama aliuliza nikamwambia hapana. Kisha akaniambia niulize tena watu wa stendi, labda kuna mmoja ameibiwa na anaona haya kusema.

Nimeuliza. Hakuna.

Lala salama huko, kama wanawaacha mlale. Grupu lako bado lipo, hakuna aliyetoka, na Jumatatu watu hawaandiki kitu. Ukiweza kuisoma barua hii usiijibu, nisije nikakuponza. Mwibie tu mtu mmoja wa huku, kwa Kiswahili chako, tujue.

Ni mimi dada yako, yule wa maswali ya kijinga.