Video ya Kabla na Video ya Baada

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA WATOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa ili mtoto asitambulike.
Umri: miaka 71.
Kazi: msahihishaji mstaafu, kiwanda cha kuchapa vitabu.
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya shule ya msingi. Si mwenyeji, aliingia nchini kama mkimbizi akiwa na umri wa miaka 38.

Mimi ni babu mzaa mama wa mtoto wa kike wa miaka saba, mwanafunzi wa darasa la pili, kiziwi tangu kuzaliwa. Nyumbani tunamwita Waziri, kwa jinsi anavyotuamrisha kwa vidole. Anazungumza kwa ishara. Nyingi amejifunza kwa viziwi wenzake, na chache tulizitunga mimi na yeye, mojawapo ikiwa ishara ya mto wa kwetu nilikozaliwa. Yeye hajawahi kuuona mto huo, na mimi sitarajii kuuona tena. Kusoma na kuandika nilimfundisha mwenyewe kabla hajaanza shule. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu kesi yote imeanzia hapo.

Mwalimu wa darasa lake, ambaye watoto humwita Mwalimu Tai kwa kuwa tai haimtoki shingoni hata jua likiwaka, alikuwa akisoma kozi ya mtandaoni ili aongeze sifa ya elimu maalumu. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja nyumbani kuniomba ruhusa ya kumrekodi Waziri akisoma. Nilikubali. Hata nilifurahi.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumatano, Waziri aling'oka jino la mbele, la juu. Ninalo nyumbani, ndani ya kiberiti.

Kesho yake, Alhamisi, alirudi shuleni sweta lake likiwa limevutika mikono mpaka magotini. Mama yake alimgombeza kwa kuharibu nguo. Mtoto akaingiza mikono mifukoni. Tangu siku hiyo haitoi ila kwa kula na kuoga. Tulidhani amenuna kwa kugombezwa.

Mnamo tarehe 18, saa nne asubuhi, walezi tuliitwa kwenye chumba cha walimu kushuhudia kufungwa kwa kozi. Mkufunzi alionekana kwenye televisheni ukutani. Kila mwalimu alitakiwa kuonyesha video mbili za mtoto mmoja: kabla ya kufundishwa na baada ya kufundishwa.

Katika video ya "kabla" ya Mwalimu Tai, Waziri amekaa kwenye kiti. Anaonyeshwa picha ya ng'ombe, ya nyumba, ya mto. Hajibu. Mabega yanarukaruka, mdomo umefunguka, anamtazama anayerekodi. Katika video ya "baada" anazitaja picha zote kwa mikono miwili, anaandika jina lake, anacheka. Watu walipiga makofi. Mkufunzi alisema, "Hongera sana, mwalimu. Haya ndiyo mabadiliko tunayoyataka."

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kutazama kurasa mbili na kuona kilichobadilika. Katika video ya "baada" jino lipo. Katika ya "kabla" kuna pengo.

Nilisimama. Nilisema, "Mwalimu, irudishe ile ya kwanza."

Alisema, "Babu, keti kwanza, wengine wanasubiri."

Nilisema, "Irudishe. Mikono yake iko wapi?"

Mkufunzi alisema, "Tafadhali, aliyeacha kipaza sauti wazi akizime."

Mama mmoja nyuma yangu alijibu, "Huyo hazimiki, ni mzee wa watu!" Wakacheka. Mimi sikucheka.

Video ilirudishwa. Mikono ya Waziri ilikuwa ndani ya sweta, imekunjwa kifuani, na mikono mitupu ya sweta imefungwa fundo nyuma ya kiti. Nilimuuliza mwalimu ni nani aliyefunga. Alisema, na haya ni maneno yake: "Mzee wangu, ni zoezi tu. Kozi inataka kabla. Huyu nimempokea anajua kila kitu. Hiyo kabla ningeitoa wapi?"

Mwalimu mkuu alisema, "Babu, tuyamalize hapa hapa, tusiaibishane mbele ya wageni."

Inasemekana nilimpiga mwalimu. Sikumpiga. Nilichomoa waya wa televisheni nikaondoka nao mpaka getini. Waya nimeukabidhi hapa kituoni.

Mtu mwingine ukimziba mdomo, bado ana mikono ya kuomba msaada. Huyu alizibwa vyote, na aliyemziba akapewa cheti cha kumsikiliza.

Leo afande alipiga simu ofisi ya elimu mbele yangu, akiomba mtaalamu wa ishara wa kumsaidia mtoto kutoa maelezo yake. Aliambiwa kwamba kwa eneo letu mtaalamu aliyeidhinishwa ni Mwalimu Tai, na kwamba Jumatatu anakabidhiwa darasa maalumu. Afande aliweka simu chini. Niliyoyasema hapo nimekubali yasiandikwe.

Naomba mwalimu huyo asiwe mdomo wa mjukuu wangu, wala asipewe darasa hilo.

Niliyoyaeleza ni hayo. Nimeyasoma mwenyewe na kuyasahihisha mahali pawili.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Mkalimani anatafutwa nje ya eneo. Mtoto alikuwepo muda wote. Babu yake alimweleza kwa ishara kwamba hapa hakuna atakayemfunga. Nilimpa kalamu aandike jina lake. Aliitazama. Hakutoa mikono mifukoni.