Mapigo ya Moyo wa Farasi wa Bugoye

Bugoye, 9 Agosti 2015

Kwa dada yangu mpenzi Saudah,

Assalam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Bwera, wewe, shemeji Ziyad na watoto. Mimi sijambo, ila usingizi umenipungua, na sababu utaiona.

Uliniuliza ni kazi gani iliyoniachisha bodaboda. Ni farasi, dada. Tajiri mmoja wa huku alimnunua ili wageni wampande, na daktari wa mifugo, Mama Wivine wa Butembo, akataka kujua kama mnyama ana raha au anateseka. Alinifundisha kuhesabu mapigo ya moyo chini ya taya, asubuhi, saa nne na jioni, niandike daftarini. Farasi aliyetulia, alisema, moyo haupigi zaidi ya mara arobaini kwa dakika.

Ijumaa ya tatu alisoma daftari akashika kichwa. Asubuhi themanini, saa nne, mia na kumi na mbili! Akauliza saa nne kuna nini. Nikasema hakuna, ni Shadiah wa jikoni tu huniletea chai. Akakata shauri: "Ule farasi iko anaogopa huyu binti. Asifike hapa tena." Wageni nao wakakatazwa kumpanda, na tajiri akaanza kusema farasi auzwe.

Shadiah alilia. Alikuja hadi kwenye uzio akaniuliza, "Nasif, mimi nimemfanyia nini mnyama wa watu?"

Basi nikaenda kwa daktari, tajiri yupo na Shadiah yupo, nikakiri. Dada, sijawahi kumgusa farasi yule hata siku moja. Taya liko jirani na meno! Mapigo yote niliyoandika ni yangu mwenyewe.

Daktari akampima: thelathini na sita, masikio yamelegea, anatafuna majani yake. Tajiri alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, kisha akanihamishia kwenye kabichi. Shadiah hakucheka. Alisema kama nimeweza kusema ukweli mbele ya tajiri, hata mbele ya baba yake nitaweza.

Kwa hiyo mwombe shemeji atoe kanzu yake nzuri. Wazee wa Shadiah wako Kyarumba, juu kabisa, njia ni ya miguu. Usinikasirikie, lakini nimeshawaambia mnakuja Jumamosi.

Wabusu watoto. Mungu awatunze hadi tuonane.

Mdogo wako,
Nasif