Bei Ulizobandika Ukutani

Mpendwa Baba Kulwa,

Naogopa. Nimeona nianze na hilo kabla hata ya salamu, maana wewe ndiye niliyezoea kumwambia nikiogopa, ukanicheka, nikakukasirikia, na hofu ikaisha. Tangu tukuzike hakuna anayenicheka. Watu wananipa pole tu, na pole haziondoi hofu.

Ni habari ya zile hisa zako. Unakumbuka zilivyoingia nyumbani kwetu? Yule bwana mhandisi wa mgodi uliyempikia tangu wakati wa vita alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, nami nilishapanga kichwani kiinua mgongo chako: ng'ombe wawili, jembe jipya, na kanga yangu. Ukarudi na karatasi. Karatasi moja yenye muhuri mwekundu! Nikakuuliza, "Hii tunaipika au tunaichoma?" Ukasema, "Mama Kulwa, hii ni hati ya hisa mia. Kipande cha mgodi ni chetu." Nikachungulia dirishani, nikaona wanaume wanatoka shimoni wamejaa vumbi mpaka kope, nikakuambia wachukue kipande chao watupe ng'ombe wetu. Jioni ile ulijichotea mwenyewe maji ya kuoga.

Nyumba yetu ya kambini ilikuwa ya udongo, na kama majirani wote tulibandika magazeti ukutani kuzuia vumbi. Wenzetu walibandika picha za wazungu wenye kofia na matangazo ya sabuni. Wewe ulibandika ukurasa wa bei. Kila mwezi uliomba kwa bwana mpya uliyempikia gazeti la Kiingereza lililokwisha kusomwa, ukakata ule ukurasa wenye safu za majina na tarakimu, ukaupaka uji wa muhogo, ukaubandika kando ya ule wa mwezi uliotangulia, kuanzia mlangoni kuelekea kitandani. Kisha ukazungushia mkaa jina la mgodi wetu na bei ya hisa moja. Kiingereza sikukijua, ila umbo la jina lile ningelitambua hata gizani, na tarakimu nilizisoma.

"Bei ya leo peke yake haikuambii kitu," ulisema. "Ni mtu umekutana naye njiani mara moja. Utamjuaje? Tembea naye kwanza." Basi tukawa tunatembea. Ulinishika kidole, tukaanza mlangoni, tukapita mwezi baada ya mwezi, hapa imepanda, hapa imelala, hapa imeteleza. Kuna mahali mende walikula ukurasa mzima kwa kuupenda uji wako. Nikataka tuandike bei ya kukisia, iliyo katikati ya mwezi wa kabla na wa baada. Ukakataa kabisa. "Hatukuiona. Acha pengo."

Halafu ikaja ile siku bei ilipotoka shilingi ishirini ikaangukia kumi kwa mwezi mmoja. Ulikuwa kazini, gazeti nimeletewa mimi. Nilikaa chini nikalia, kisha nikaficha unga chini ya kitanda kana kwamba njaa iko mlangoni. Ukaja unapiga mluzi, na nyama mkononi. "Hisa zimezaa pacha!" ukasema, ukanionyesha hati ya pili. "Kampuni imeigawa kila moja kuwa mbili. Tulikuwa na mia, sasa tuna mia mbili, na kila moja ni nusu ya ile ya zamani. Hakuna kilichopotea." Kulwa na Doto walikuwa wanatambaa mkekani. Tukawatazama, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha ukachora mstari mwekundu ukutani, juu mpaka chini. "Bei zote za upande wa mlangoni zigawe kwa mbili kabla hujazilinganisha na za upande huu. Ukisahau, ukuta utakudanganya."

Sikusahau. Wala sikusahau mwaka maji yalipoingia shimoni, bei ikawa inateremka kila mwezi, tukala mlenda mpaka watoto wakauchukia. Ulisema tungoje, kwa sababu gawio la mwaka, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuja kama kawaida. Kweli, maji yakatolewa, bei ikapanda ikafika kumi na nne. Kuanzia hapo nikakuona mtu anayejua ya kesho, nikawa nalala usingizi.

Kisha kifua kikakushika. Ulilala umegeukia ukuta ule, na bei inashuka kila ukurasa ninaoubandika. Siku tulipokuzika ilikuwa tisa. Nikaendelea kubandika peke yangu: nane na nusu, nane, saba. Hisa zile ndizo ada ya Kulwa na Doto kule misheni, na ndizo paa nililotakiwa kuezeka kwa ndugu zangu Masumbwe, maana nyumba ya kambini ni ya mfanyakazi, na mimi si mfanyakazi. Ada ikikatika watoto wanarudi nyumbani, na mdogo wako Masanja alishanitajia mzee mmoja mwenye ng'ombe anayemuulizia Kulwa. Kulwa wetu, ambaye bado anaruka kamba!

Masanja aliposikia nawaza kuuza, akaja kutoka Mwadui. "Mwangaluka, shemeji," akanisalimu, akavua kofia, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaweka kidole kwenye ishirini.

"Kumbe zilifika hapa! Sasa ziko saba, nawe unataka kuuza? Zitarudi tu. Ngoja."

Nikamweleza habari ya mstari mwekundu. Nikamweleza kwamba ishirini ile ni sawa na kumi ya sasa, kwamba kilele chake ni kumi na nne, na hakuna ishirini ya kurudia.

"Shemeji, ishirini imepigwa chapa gazetini. Mstari ameuchora kaka kwa mkono wake. Niamini lipi?"

Kisha akakaa, akanywa togwa yangu taratibu, akasema kwa sauti ya upole: "Mimi sikukatazi. Bomani wamekuandika wewe kuwa msimamizi wa mali yake. Lakini ukiuza, halafu bei ikapanda, watu watauliza mwanamke huyu alikuwa na haraka ya nini. Watauliza kaka alikufa kwa nini."

Unajua maneno hayo huku kwetu yanaishia wapi: mjane anaitwa mchawi. Jirani alishaanza kunong'ona kisimani kwamba Mama Kulwa anaongea na ukuta. Na ni kweli, nilikuwa nahesabu kwa sauti! Macho yangu nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, na mjane mwenye macho mekundu hatafutiwi kosa lingine. Niliacha kwenda kisimani jua likiwa limepanda. Nilikwenda alfajiri, kabla ya wenzangu.

Nikaurudia ukuta, safari hii mdomo nimeufunga. Nikautafuta mwaka wa maji. Ungeuona, ungesema unafanana na huu kabisa, bei inateremka vilevile, hatua kwa hatua. Nilitamani sana ufanane, ili ningoje, ili Masanja asiwe na la kusema. Lakini mwaka ule gawio lilikuja, na mwaka huu halikuja. Mwaka ule zamu ya usiku haikusimama, na sasa king'ora chake hakilii tena, wanaume wa zamu ile wamefunga mablanketi yao wameondoka. Tarakimu zilifanana, ila yaliyo nyuma yake hayakufanana. Nikaelewa, Baba Kulwa, na kuelewa hakukunipunguzia hofu hata chembe. Kulinizidishia, maana sasa sikuwa na kisingizio cha kukaa.

Nikafunga hati zote mbili tumboni ndani ya kanga, nikaenda dukani kwa Bwana Ramji, ambaye nduguye wa Nairobi huuza hisa za watu. Alizisoma pande zote, akafuta miwani, akanitazama.

"Mama Kulwa, mwezi ujao inaweza kupanda."

"Najua."

"Inaweza kushuka pia. Una uhakika?"

Nikashika ukingo wa meza ya mizani. "Sina," nikasema. "Andika."

Sasa niko Masumbwe. Paa limeezekwa, watoto wako shule, Doto anasema atakuwa mwalimu na Kulwa anasema atakuwa chochote ambacho Doto si. Masanja hajaja. Kila hodi ikipigwa moyo unanilipuka, na nikiletewa salamu kutoka upande wa kwenu nazipokea nimesimama. Hapa dukani wanafungia chumvi kwa magazeti. Naigeuza ile karatasi haraka nisije nikaliona jina la mgodi wetu. Sijui bei ya leo, na ikiwa imepanda namjua atakayekuwa wa kwanza kuniambia.

Lakini nilitaka kukuambia jambo moja, ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ya kuhama nilijaribu kuubandua ukuta wako niondoke nao. Uji wako ulikuwa umeshika, ukachanika vipandevipande, nikaacha. Nikasimama pale nikiutazama mara ya mwisho, nikaona kitu ambacho sikukiona miaka yote. Kila bei pale ina mwezi unaofuata kando yake. Ndiyo maana ukiutazama leo unaona kila kitu rahisi: hapa mtu alingoja, akafanya vizuri, pale angeuza, angekosea. Ila siku ulipoubandika kila ukurasa, kando yake palikuwa na udongo mtupu. Ulisimama pale na bakuli la uji, hujui chochote, vilevile kama mimi mbele ya meza ya Ramji.

Nikakumbuka mwaka wa maji, mkono wako ulivyokuwa ukitetemeka ukipaka uji mpaka ukadondokea mkekani. Nilikutania kwamba umezeeka. Nilidhani ni uchovu wa jikoni.

Kumbe uliogopa. Ulikuwa unapiga mluzi ili mimi nilale. Nakushukuru kwa usingizi ule, mume wangu, na nina hasira nawe pia, na hasira hii sijui niipeleke wapi. Ungeniambia. Tungeogopa wawili.

Pumzika, Baba Kulwa. Nimebaki naogopa kwa zamu zetu zote mbili.

Mkeo,
Mama Kulwa